Saa Kumi na Tano Angani: Lugha ya Umbali na Muda katika Safari ya Nairobi hadi New York

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza umbali na muda wa safari ndefu ya ndege. Mfano tulioutumia ni safari ya Nairobi hadi New York, ambayo tangu mwaka wa 2018 imewezekana kufanywa bila kutua njiani. Tunadai kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha kulieleza jambo hili kwa usahihi, ila nyenzo hizo hutumiwa kiholela darasani na katika tafsiri. Athari yake si ya kinadharia tu, kwa kuwa neno moja lililotumiwa visivyo laweza kumwachisha mtu ndege.

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya iliondoka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta na kuelekea New York bila kutua mahali pengine. Kabla ya hapo, msafiri alilazimika kubadilisha ndege London, Amsterdam, Dubai au mji mwingine, na safari nzima aghalabu ilimchukua siku nzima au zaidi. Hatua hiyo ilitanguliwa na nyingine ya Februari 2017, pale Marekani ilipoidhinisha viwango vya usalama wa usafiri wa anga vya Kenya.

Miji hii miwili ina uhusiano unaopita ule wa watalii na wafanyabiashara. New York ndiyo makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na Nairobi ni makao ya Shirika la Mazingira la Umoja huo, lililoanzishwa mwaka wa 1972. Aidha, tangu Umoja wa Afrika uidhinishe Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mnamo Februari 2022, mahitaji ya wafasiri na wakalimani wa lugha hii yamepanuka. Mfasiri wa leo hatafsiri hadithi pekee. Hutafsiri ratiba, mialiko, tikiti na matangazo. Hivyo basi, swali la namna ya kutaja umbali na muda kwa Kiswahili ni swali la kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha.

Makala haya yanajibu maswali matatu. Je, umbali baina ya miji hii ni upi, nao hupimwaje? Je, kwa nini muda wa kwenda na wa kurudi hautoshani? Je, Kiswahili huyaelezaje mambo haya, na utata hutokea wapi?

2.0 Umbali na Njia

Umbali wa Nairobi hadi New York, ukipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ni kilomita 11,800 hivi. Hizo ni kama maili 7,350 za nchi kavu, au maili 6,390 za bahari ambazo marubani na mabaharia huzitumia. Yafaa msomaji azingatie kwamba "maili" peke yake haitoshi katika maandishi ya kitaaluma, kwa maana maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609 ilhali maili ya bahari ni kilomita 1.852. Mfasiri akizichanganya katika safari hii, atakuwa amekosea kwa zaidi ya kilomita 1,500.

Mtu akiitazama ramani iliyobandikwa ukutani, atadhani kwamba ndege huelekea magharibi moja kwa moja, ipite juu ya Kongo na kuivuka Atlantiki. Sivyo. Dunia ni tufe, na njia fupi baina ya vituo viwili juu ya tufe ni mviringo ambao kwenye ramani bapa huonekana kama upinde. Kutoka Nairobi, upinde huo huelekea kaskazini-magharibi, hulikata bara la Afrika kwa mshazari juu ya jangwa la Sahara, kisha huingia Bahari ya Atlantiki karibu na pwani ya Moroko. Anayetaka kulithibitisha hili na achukue uzi, auvute juu ya tufe la darasani kutoka mji mmoja hadi wa pili.

Hata hivyo, ndege haifuati uzi. Njia hupindishwa na hali ya hewa, na pia na mambo ya wanadamu. Anga ya Sudan, kwa mfano, ilifungwa baada ya vita kuzuka nchini humo Aprili 2023, na ndege nyingi zilizokuwa zikipita huko zikalazimika kuzunguka. Kwa hiyo tunapaswa kutofautisha umbali baina ya miji, ambao haubadiliki, na urefu wa njia iliyopitwa, ambao hubadilika siku hata siku.

3.0 Muda na Pepo

Safari ya kwenda New York huchukua takribani saa 15, na ya kurudi Nairobi takribani saa 14. Ndege aina ya Boeing 787, iliyotumika kuanzishia safari hii, huruka kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa ikiwa imetulia angani. Tukigawa kilomita 11,800 kwa 900, tunapata saa 13 na dakika chache. Je, saa nyingine zimekwenda wapi?

Sehemu yake huliwa na kupaa, kushuka, kusubiri zamu na kutembea uwanjani. Sehemu kubwa huliwa na upepo. Katika maeneo yaliyo kaskazini ya tropiki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege hizi huruka, huvuma mikondo ya upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi yake huweza kuzidi kilomita 160 kwa saa, nayo huongezeka majira ya baridi. Ndege inayokwenda New York hukabiliana nao uso kwa uso. Inayorudi husukumwa nao.

Wapo wanaoamini kwamba tofauti hii hutokana na dunia kujizungusha chini ya ndege. Dai hilo halina mashiko, kwa sababu hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Lau lingekuwa kweli, ndege inayokwenda magharibi ndiyo ingefika mapema, maana mji ungekuwa ukiijia.

Mswahili hahitaji kufundishwa upya jambo hili. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokwenda baina ya Pwani yetu na Bara Arabu yalitegemea kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi, unaoufuata kuanzia Aprili hivi. Nahodha hakuuliza ni maili ngapi hadi Maskati kabla ya kuuliza upepo ni upi. Istilahi ya upepo wa mbisho, yaani ule unaokikabili chombo, ipo katika lugha yetu tangu jadi. Hakuna sababu ya kumzuia mfasiri wa habari za anga kuitumia badala ya kubuni fungu refu la maneno.

4.0 Msamiati wa Umbali

Wanafunzi wengi hulitumia neno "umbali" kwa kila hali. Lugha yetu ina utajiri zaidi ya huo.

Umbali ni nomino iliyoundwa kutokana na "mbali", nayo hutaja hali ya vitu viwili kutokuwa karibu. Ndilo neno la jumla kuliko yote. Masafa hutaja umbali uliokusudiwa kupitwa au kufikiwa, na ndiyo maana tunasema "mbio za masafa marefu". Neno hilo hilo limekopeshwa taaluma ya redio, kwa hiyo muktadha sharti uwe wazi. Kitalifa, neno linalosikika zaidi Pwani, ni nafasi iliyopo katikati ya kitu na kitu. Mwendo, kutokana na kitenzi "-enda", ndilo neno pana kuliko yote, kwa kuwa hubeba umbali na muda kwa pamoja. Tukisema "mwendo wa siku tatu", tumepima njia kwa wakati.

Kwa mintarafu hiyo, sentensi tatu zifuatazo si sawa:

(a) Umbali wa Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800.
(b) Ndege hii yaweza kuruka masafa ya kilomita 11,800 bila kuongezwa mafuta.
(c) Nairobi hadi New York ni mwendo wa saa kumi na tano.

Sentensi (a) ni ya jiografia, (b) ni ya uwezo wa chombo, na (c) ni ya tajriba ya msafiri.

Kusoma tarakimu nako kuna mtego. "Elfu kumi na moja" yaweza kumaanisha 11,000 au 10,001. Wasemaji wengine huuepuka utata huu kwa kutanguliza hesabu na kusema "kumi na moja elfu" wanapokusudia 11,000. Katika maandishi, tarakimu hutatua tatizo. Katika ukalimani, ambako hakuna tarakimu, mzungumzaji hana budi kutumia kituo cha sauti au mpangilio huo wa pili.

Jozi nyingine inayotatiza ni "safari ya moja kwa moja" na "safari isiyo na kituo". Katika shughuli za ndege, msafiri aweza kubaki katika safari yenye nambari ile ile ilhali ndege imetua mji wa katikati na kupakia abiria wengine. Safari kama hiyo huuzwa kuwa ya moja kwa moja, na kwa kweli ina kituo. Tunapendekeza "moja kwa moja" itengewe maana hiyo, na ile ya Nairobi hadi New York iitwe "safari isiyo na kituo" au "isiyotua njiani".

5.0 Utata wa Saa

5.1 Saa ya Muda na Saa ya Wakati

Kiswahili hutumia neno moja, "saa", kwa kifaa, kwa kipimo cha muda na kwa wakati mahususi wa siku. Kutokana na hali hii, "ndege ya saa tisa" ina maana mbili: ndege inayoondoka saa tisa, au ndege inayochukua muda wa saa tisa, kama zile za Nairobi hadi London. Katika "safari ya saa kumi na tano" utata hupungua, kwa sababu saa ya Kiswahili huishia kumi na mbili.

Hapa ndipo tunapopaswa kulitazama upya neno "masaa". Walimu wengi hulipiga mstari mwekundu, wakieleza kwamba "saa" iko katika ngeli ya I-ZI na haina wingi wa ma-. Kisarufi wako sahihi. Lakini wasemaji hawakuliunda neno hili kwa ujinga. Wamelitumia kutenga muda na wakati: "masaa tisa" haiwezi kuwa saa tisa ya alasiri. Isitoshe, lugha sanifu imekwisha kuuridhia wingi wa namna hiyo katika "marafiki", ilhali tunasema "rafiki yangu" kwa upatanisho wa I-ZI.

Msimamo wetu ni kwamba, katika maandishi rasmi, "saa" ibaki ilivyo na itanguliwe na neno la kuainisha: "safari ya muda wa saa tisa" dhidi ya "ndege itakayoondoka saa tisa". Hata hivyo, mwalimu anayekosoa "masaa" bila kuonyesha njia hii humpokonya mwanafunzi suluhisho bila kumpa jingine.

5.2 Saa ya Kiswahili Mbali na Ikweta

Hesabu ya saa ya Kiswahili huanzia macheo na machweo. Mshale ukionyesha 8 asubuhi, sisi husema saa mbili, kwa kuwa ni saa ya pili tangu kupambazuka. Utaratibu huu umetulia barabara katika nchi za Ikweta. Nairobi, jua huchomoza takriban baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima.

New York hali ni tofauti. Mwishoni mwa Juni jua hutua yapata saa mbili na nusu kwa hesabu yetu. Mwishoni mwa Desemba hutua yapata saa kumi na nusu. Basi mwandishi wa hadithi ambaye mhusika wake ametua New York mwezi wa Juni ataandikaje? Akisema "saa mbili usiku", msomaji wa Kitui au Lamu ataona giza, kumbe jua lingalipo. Akisema "saa mbili jioni", msomaji atadhani ni kosa la chapa.

Kwa maoni yetu, hesabu isibadilishwe, ila maelezo yaongezwe. Katika fasihi, "saa mbili, jua lingali halijatua" yatosha, tena yanamfanya msomaji auhisi ugeni wa mahali. Katika hati rasmi, tarakimu za mfumo wa saa 24 ziandamane na maneno: "saa mbili usiku (20:00)". Linalopaswa kukemewa ni kuzitafsiri tarakimu bila kubadilisha mfumo, kama vile kuiita 8:00 ya asubuhi "saa nane asubuhi", au 14:00 "saa kumi na nne".

Tofauti ya saa za miji nayo huongeza uzito. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 majira ya baridi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti hubaki saa 7. Tuchukue mfano wa ndege inayoondoka Nairobi Jumatatu saa tano usiku (23:00) na kuruka kwa muda wa saa 15. Itatua wakati Nairobi ni Jumanne saa nane mchana. New York itakuwa Jumanne saa kumi na mbili asubuhi ikiwa ni Januari, na saa moja asubuhi ikiwa ni Julai. Msafiri ameishi saa 15, lakini ukiisoma tikiti utadhani ni 7 au 8 tu. Kwa hiyo, tangazo lolote la Kiswahili lisilotaja "saa za Afrika Mashariki" au "saa za New York" ni tangazo pungufu.

5.3 Usiku ni wa Siku Gani?

Katika desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu hiyo, ni ule unaoitangulia Ijumaa mchana, ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. Kalenda ya ndege, kwa upande wake, hubadilisha siku saa sita kamili za usiku.

Tuseme tikiti imeandikwa Jumanne, 00:30. Msemaji wa kawaida wa Nairobi atasema "Jumatatu usiku, saa sita na nusu", kwa sababu hajalala bado. Mwenye kuisoma tikiti neno kwa neno atasema "Jumanne usiku", na ndugu yake atakayemsikia atamfikisha uwanjani Jumanne jioni, ndege ikiwa imekwisha ondoka karibu siku nzima iliyopita. Kiswahili sanifu kina fungu la maneno linalomaliza mzozo huu: "usiku wa kuamkia Jumanne". Fungu hilo husikika kila siku katika taarifa za habari. Linafaa kufundishwa kama istilahi ya tafsiri.

6.0 Umbali katika Fasihi ya Safari

Fasihi yetu ina urithi wa maandishi ya safari unaopaswa kusomwa kwa jicho hili. Mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten mwaka wa 1901, una simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu bara, na ya Salim bin Abakari kuhusu safari yake ya Urusi na Siberia. Kuna pia tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip. Katika simulizi za misafara, njia hupimwa kwa siku, kwa vituo na kwa mashaka yaliyopatikana: maji, njaa, hongo na vita. Kipimo cha maili hakikuwa na kazi kubwa kwa mchukuzi aliyebeba mzigo kichwani.

Bagamoyo na Ujiji, kwa mstari ulionyooka, hutengana kwa kilomita 1,000 hivi. Msafara wa Burton na Speke ulioondoka pwani Juni 1857 ulilifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858. Ndege ya leo ingeukata umbali huo kwa muda unaopungua saa moja na nusu. Swali la kifasihi linalojitokeza ni hili: simulizi hupoteza nini safari inapofupishwa? Katika misafara, njia ndiyo hadithi yenyewe. Msafiri wa ndege huondoka gizani, hulala, na huamka ng'ambo. Katikati hapana kitu cha kusimulia ila chakula na kiti. Yamkini ndiyo sababu mwandishi wa kisasa anayempeleka mhusika ughaibuni huweza kuimaliza safari yenyewe kwa sentensi moja, na kuuweka mgogoro uwanjani: penye foleni, hati na machozi ya kuagana.

Umbali haujatoweka, basi. Umehama kutoka njiani hadi moyoni. Mama aliye Kakamega, mwanawe akiwa New York, hamhesabii kilomita. Humhesabia saa za simu: kwetu kukicha, kwao ni usiku. Tofauti ile ya saa 8 ndiyo umbali anaoufahamu. Mtafiti wa riwaya na tamthilia za uhamiaji atapata hapa uwanja mpana wa kuchunguza.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba umbali wa Nairobi hadi New York ni mmoja, njia ni nyingi, na muda hutegemea upepo. Tumeonyesha pia kwamba utata mwingi katika kuyaeleza haya hautokani na upungufu wa Kiswahili. Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, "umbali", "masafa" na "mwendo" yafundishwe kwa tofauti zake. Pili, muda utanguliwe na neno "muda", na wakati uambatane na kitenzi cha tukio. Tatu, kila saa inayotajwa katika tafsiri iambatane na mji wake. Nne, safari za baada ya saa sita za usiku zielezwe kwa "usiku wa kuamkia".

Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanafunzi aliyefunzwa tafsiri kwa mifano ya vitabuni pekee atarejea katika mambo haya madogo siku atakapokabidhiwa ratiba ya mkutano na kuambiwa kwamba wajumbe wa miji miwili wanaisubiri. Ni heri ayakute darasani kwanza.